Leseni Yetu

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Na ya mama mpelekee kabla hujaendelea, maana ukishaanza kusoma unasahau wenzio. Mimi ni mzima, kasoro mgongo na macho. Mgongo ni wa kupanda nguzo, macho ni ya chumvi. Huku upepo unatoka baharini tangu asubuhi na unabeba chumvi kama mtu anayepepeta unga. Ukilala mdomo wazi unaamka umekolea.

Watoto hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole? Mwambie mjomba anauliza, na kwamba jibu la uongo nitalijua.

Naandika kwa sababu mnara wa simu uliangushwa na dhoruba na hakuna aliyekuja kuusimamisha. Barua nampa dereva wa lori la samaki, yule mnene mnayemwita Honi. Akifika huko ataiacha kwa fundi cherehani wa pale kona kwetu. Ikichelewa usinilaumu, njia ni mchanga mtupu na lori lake linasukumwa kuliko linavyoendeshwa.

Sasa kazi. Kutoka hapa hadi inapoanza lami, fundi umeme mwenye leseni ni mimi peke yangu. Usidhani ni cheo. Skurubu niliyoifunga juzi juzi leo nikiigusa inabaki unga mwekundu kiganjani. Shaba inaota ukungu wa kijani kama mkate uliosahaulika. Nafunga, chumvi inafungua, nafunga tena.

Kuna kiwanda cha barafu. Humo wanawake wanapanga samaki kwenye meza za bati, wamesimama ndani ya maji mpaka vifundoni, na mashine ziko hatua chache kutoka migongoni mwao. Ukutani kuna ile swichi ya usalama, inayokata umeme yenyewe ikihisi kuna mahali unavuja. Kwa kuwa kila siku kuna mahali unavuja, kila siku inakata, na watu wameibatiza jina: Kisirani. "Kisirani kakata tena." "Kisirani leo kaamka vibaya." Bosi wa kiwanda, wanamwita Mzee Barafu, aliona dawa ni kumzunguka. Alipitisha kipande cha waya pembeni, umeme ukawa unapita huko, na Kisirani mwenyewe kakaa ukutani kama mkwe aliyesusiwa.

Nilikikata kile kipande. Mashine zikasimama, na Mzee Barafu akanijia mikono kiunoni.

"Fundi, umeletwa hapa kuwasha au kuzima?"

"Nimeletwa kuwasha bila kuua."

"Haya," akawageukia wale wanawake, "sasa tuna Kisirani wawili. Mmoja wa ukutani, mmoja anakula ugali."

Walicheka mpaka samaki wakadondoka. Nikatafuta uvujaji, nikaupata, nikaziba, Kisirani akatulia. Lakini jina limenigandia. Watoto wananiita hivyo barabarani, na mimi naitika, nifanyeje.

Ninachoomba ni hiki. Kila jengo ninalolipitisha naandika mlangoni kwa rangi nyeusi jina langu na namba ya leseni. Mkaguzi wa umeme anakuja kukagua hayo majengo, na ametuma neno kwamba anataka kuona leseni yenyewe, siyo nakala. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, ndani ya bahasha ya kaki. Ifunge kwenye nailoni, mpe Honi. Usiikunje.

Mdogo wako,
Kisirani


29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama naye kasema marahaba, kisha kauliza kwa nini unakubali kuitwa jina baya namna hiyo wakati una jina zuri alilolitafuta yeye. Goti lake linamsumbua asubuhi, mchana linamsahau. Kidole bado kinanyonywa. Nimekipaka kila kitu kichungu nilichonacho na mtoto anaona nimemwongezea kiungo.

Mtaa umechangamka kweli, ungeuona usingeamini. Kule juu walikojenga nyumba mpya, taa sasa zinawaka mpaka uani. Fundi cherehani amenunua pasi ya umeme, ameitupa ile ya mkaa, anajisikia. Shemeji yako anakusalimu sana. Tangu wamwachishe kazi kinuni alikuwa anakaa kizingitini anahesabu kuku wa majirani, lakini siku hizi namshukuru Mungu, anatoka asubuhi na begi na anarudi amechoka. Mtu akirudi amechoka nyumba inakuwa na amani.

Kuhusu leseni yetu, usiwe na wasiwasi, ipo, na iko salama. Nimekutumia nakala. Nimeitoa kwa yule mtu wa mashine pale stendi, na imetoka safi kuliko yenyewe. Mwambie mkaguzi asiwe mgumu, naye ni binadamu.

Mama anasema uvae kitu kizito kifuani, huo upepo si wa kuchezea.

Dada yako


17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwambie mama navaa. Pole na goti.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena kuangalia kama macho ya chumvi yamenidanganya. Hayakunidanganya. Umeandika "leseni yetu".

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya vitu vyetu. Sufuria yetu, redio yetu, mwavuli wetu. Baiskeli yetu pia, ambayo kila aliyeichukua aliirudisha imepungua kitu, mara kengele, mara breki, mpaka ikabaki fremu na sisi bado tunaiita baiskeli. Sikuwahi kulalamika. Lakini leseni ina picha yangu, na siyo ya mtu mwingine yeyote wa nyumba ile.

Niliomba yenyewe, umeleta nakala. Nilikuambia iko wapi, hukusema umeitoa wala umeirudisha. Umesema ipo. Hata mimi nipo, dada, lakini siko kwenye sanduku la bati.

Halafu Honi. Alipokuwa ananipa barua yako alikuwa anacheka peke yake.

"Kisirani," akasema, "una pacha?"

"Pacha wa nini?"

"Pale kona, kwa fundi cherehani. Nimeliona jina lako mlangoni kwa rangi nyeusi, na namba chini yake. Nikamuuliza, huyu si yuko pwani anazoa chumvi, alikuja lini? Akaniambia mwenyewe hakuja, ilikuja leseni yake."

Watu waliokuwa wanashusha mapipa walicheka sana. Mimi nilicheka nao kwa aibu, kisha nikaenda nyuma ya lori nikaifungua barua yako.

Ilikuja leseni yake. Yaani leseni ilivaa viatu, ikabeba ngazi, ikapanda darini.

Sasa nijibu, na usinipitishe kwenye goti kwanza. Nani anaitembeza? Nyumba ngapi zina jina langu? Na waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaochukua umeme uliovuja na kuupeleka ardhini, huyo mtu anaufunga wapi? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wewe unaweza usione maana yake, lakini muulize, na uniandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Mimi


6 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo, watoto hawajambo, na mimi kama unajali sijambo.

Umeniandikia kama askari. Basi na mimi nitakujibu wazi, nikimaliza ukasirike vizuri.

Ulipokuwa chuo cha ufundi, unakumbuka ulikuwa unalishwa na nini? Mashuka ya nyumba ya wageni. Yalikuwa yanakuja kwa mafungu, na mimi nayafua uani, nayakamua mpaka viganja vinatoa maji. Mwenzangu ulikuwa unarudi mwisho wa muhula unaniambia habari za volti. Hadi leo sabuni ya unga ikinigusa vidole vinachubuka. Sikukuambia wakati ule na nisingekuambia sasa kama hungenitajia baiskeli.

Na siku uliyoileta hiyo karatasi, tulikuwa sote sebuleni. Mama aliishika kwa ncha za vidole kama mtoto wa siku moja. Wewe ulisimama pale mlangoni na shati lako jeupe ukasema, "Hii ni yetu sote." Ulisema. Nilikuwepo. Neno la "yetu" sikulitunga mimi, nimelitumia tu.

Ndiyo, ni shemeji yako. Nani mwingine? Mlijifunza wote kwa fundi mmoja, Mzee Plaisi, mkabeba ngazi moja. Yeye aliacha kabla ya mtihani kwa sababu alikuwa ananioa mimi, na wewe ulikula kwenye harusi ile. Wakati wewe uko pwani leseni imelala sandukuni kama nguo ya sikukuu, na hapa baba wa watoto anahesabu kuku wa watu. Nikaitoa. Yeye hakuiomba, nilimpa mimi. Akiingia kwenye nyumba anawaonyesha, wanaridhika, anafanya kazi, anaandika jina lako kwa sababu jina lake halina namba. Amewawekea umeme watu ambao wangekaa gizani mpaka wazeeke. Nyumba ngapi, sikuzihesabu. Kuanzia kona mpaka kule juu.

Swali lako la waya nilimuuliza tulipokuwa tunakula. Alicheka. Maneno yake ni haya: "Mwambie shemeji naufunga kwenye bomba la maji, kama Mzee Plaisi alivyotufundisha, na nakaza mpaka natoa jasho." Na mimi naongeza kwa faida yako kwamba mabomba yenyewe ni mapya. Idara ya maji ilichimbua yale ya chuma yote, chini wameweka ya plastiki, hayali kutu. Juu pale bombani tu ndipo pana chuma. Kwa hiyo hakuna cha kukunyima usingizi.

Dada yako, aliyekufulia


24 Mei

Dada,

Ukifika mwisho wa ukurasa huu inuka. Salamu nitakupa siku nyingine.

Mzee Plaisi alitufundisha kufunga ethi kwenye bomba kwa sababu enzi zake bomba lilikuwa chuma kutoka mkononi hadi chini ya udongo. Umeme ukivuja kwenye pasi, unapita kwenye waya, unaingia bombani, unazama ardhini, yamekwisha. Plastiki haipitishi umeme. Hilo shemeji analijua, ukimuuliza atakuambia. Lakini kinachofukiwa chini hakukiangalia. Ameona chuma juu, akafunga, akakaza mpaka jasho likamtoka.

Sasa fikiri. Pasi ya fundi cherehani ikivuja, umeme unapita kwenye ule waya wa kijani na njano mpaka kwenye bomba la uani. Hapo unatafuta njia ya kwenda chini, hauioni. Unakaa pale pale kwenye chuma, unangoja. Unamngoja mtu mwenye mikono mibichi na miguu mitupu. Na nani anashika bomba akiwa amekauka, dada? Shemeji amewafungia watu umeme mahali wanaponawa uso, na ameandika jina langu mlangoni.

Nenda ukazime swichi kuu za nyumba zote, kuanzia kona hadi juu. Anza na ya mama kama naye amemfanyia. Usingoje shemeji aelewe. Wakikutukana, tukanika.

Nikueleze na hili, ili usidhani nakasirikia karatasi. Nilikwenda kushughulikia taa za zahanati, kijiji cha pili. Mzee Barafu akaona nafasi, akamzungusha Kisirani tena kwa kipande kingine cha waya, kwa sababu samaki walikuwa wengi na hakutaka kusimama. Mwanamke mmoja anayepanga samaki, tunamwita Mama Mizani, aliegemea meza ya bati na umeme ukamtupa. Yuko hai. Mkono wa kulia umeungua kiganja na vidole viwili havikunjiki. Niliporudi, mume wake alikuwa amesimama kwenye kizingiti changu. Hakwenda kwa Mzee Barafu. Alikuja kwangu.

"Nataka kuuliza tu," akasema. "Jina lililo pale mlangoni ni la nani?"

"Ni langu."

"Basi."

Akaondoka. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Ningemwambia nini? Kwamba jina ni langu lakini mkono haukuwa wangu? Hayo ndiyo utakayomwambia mama wa huko siku mtoto wake akiungua bombani?

Mashuka nayakumbuka. Nayakumbuka kuliko unavyodhani, na maneno yangu ya pale mlangoni nayakumbuka pia. Niliposema ni yetu, nilimaanisha kitakachopatikana kwayo tutakula sote, na tumekula. Sikusema tutaishika sote.

Inuka.


9 Juni

Mdogo wangu,

Hata mimi salamu nitakupa mwisho.

Barua yako niliifungulia pale pale kwa fundi cherehani, nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye pasi nikainua macho, na mwenyewe anapiga pasi suruali huku anafyonza meno. Nikapita nyuma ya meza yake nikaizima swichi kuu.

"Wewe mama, nina nguo za watu hapa."

"Bora nguo zao kuliko wao."

Alinifuata mpaka barabarani na mkasi mkononi, ananiuliza nimerogwa na nani. Mwisho alifunga duka kwa hasira, akaenda kwa dada yake kukaa.

Kwa mama hapakuwa na shida, kwake umeme uliuweka wewe mwenyewe na fimbo yako ya shaba ya ethi iko ardhini, nimeiona. Nikapanda juu. Nyumba ya kwanza walinielewa. Ya pili wakanicheka. Ya tatu mwenye nyumba alinizuia mlangoni, "Wewe ni nani wa kutuzimia umeme? Wewe ni fundi?" Nikamwonyesha ile rangi nyeusi. Nikamwambia, mimi ni dada wa hilo jina. Akakaa pembeni, sijui kwa nini, labda kwa sura niliyokuwa nayo.

Sasa nisikilize. Kwenye nyumba ya yule muuguzi anayekaa kule juu, nyuma, nilikuta watoto wamepanga foleni kwenye bomba, na ndoo hawana. Nikawauliza mnangoja nini. Wakasema wanangoja zamu. Lile bomba linatekenya. Ukiloa mkono ukaligusa linakutekenya mpaka kwenye kiwiko, na asiyeachia haraka ndiye mshindi. Kidole cha nyumbani kwetu kilikuwa kwenye foleni hiyo, cha pili kutoka mbele.

Niliwaondoa wote kwenye foleni. Nilikaa chini kwenye tope kati yao na bomba na yule muuguzi alinikuta hapo, nikamwambia azime mwenyewe kwa sababu mimi siondoki pale.

Shemeji yako nilimsomea barua yote. Alisikiliza anaangalia viatu vyake. Akasema, "Nimefanya kama nilivyofundishwa." Nikamwambia aliyekufundisha alikufa na mabomba yake. Hajanisemesha tangu siku ile, ila asubuhi alichukua sururu akaenda kwa muuguzi kuanza kuchimba shimo la fimbo ya ethi, bila kuambiwa. Hajui achimbe hadi wapi kwenye mawe haya, na kukuuliza anaona aibu. Kwa hiyo namuulizia mimi.

Leseni yako hii hapa ndani ya nailoni. Ina matundu manne ya misumari pembeni, aliwahi kuitundika. Irudishe kazini. Na nakuomba, mtu wa ofisi usimwambie kitu. Nyumba zote zimezimwa, hakuna aliyeumia, tumeyamaliza wenyewe. Nilifua mashuka kwa ajili ya karatasi hii, usiniambie niliyafulia bure.

Marahaba.

Dada yako


15 Juni

Dada,

Shikamoo.

Honi amekuja na lori la mwenzake, la kwake limevunjika ekseli njiani na mizigo yote imebaki humo. Mkononi hana barua. Anachoniambia ni kwamba duka la fundi cherehani limefungwa na hajui sababu. Nimemuuliza, limefungwa vipi, kwa furaha au kwa msiba? Akasema limefungwa kwa kufuli.

Kwa hiyo sijui kama umepata barua yangu. Sijui kama swichi zimezimwa. Nimekaa na kufuli hilo kichwani, nikila nalo, nikifunga waya nalo. Ndipo mkaguzi akaja.

Ni mwanamke wa makamo, ana viatu vya mpira na sauti ndogo. Aliangalia kiwanda chote, akaangalia meza ya bati, akaangalia mlango.

"Leseni yenyewe iko wapi?"

Nilikuwa nimeshaandaa uongo, dada. Nilitaka kusema imeloa. Nikamwambia iko nyumbani inafanya kazi bila mimi. Nikamweleza bomba, plastiki, na kwamba sijapata jibu.

"Ukishaniambia hivyo sina budi kuandika," akasema. "Namba ikifungiwa inafungiwa kila mahali. Hata hapa. Hata wewe."

"Wa kule watapelekewa mtu?"

"Siku hiyo hiyo nikifika penye simu."

"Andika."

Akaandika. Mzee Barafu, aliyemzungusha Kisirani mara mbili na kumuunguza mtu, amepewa onyo na chai. Mimi niliyesema ukweli ndiye nimesimamishwa kazi. Nimeuliza hii sheria ilipimwa kwa mwili wa nani, mkaguzi akasema hata yeye angependa kujua. Mzee Barafu alicheka sana, akawaambia watu, "Kisirani leo kajikata mwenyewe." Ningekuwa na nguvu ningemtia ndani ya pipa lake la barafu.

Kama kuna aliyekufa niandikie moja kwa moja, usinianzie na goti.

Mimi


2 Julai

Dada,

Shikamoo, na mama shikamoo, na shemeji salamu, umfikishie hata kama hamsemeshani.

Lori limetengenezwa na barua yako imefika, kumbe utingo uliyempa aliiacha humo bila kumwambia Honi. Leseni pia imefika, haikukunjika, asante. Imefika namba yake ikiwa imeshafungiwa. Nilipofika mahali uliposema mtu wa ofisi nisimwambie kitu, nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, na kicheko hakikuwa cha furaha.

Nakujua, sasa hivi umekaa kitini na barua hii na mikono yako iko mapajani, unaiangalia. Hukufua bure. Ila ningekuwa nimepata barua yako kabla mkaguzi hajaja, bado ningemwambia. Nimelifikiria hili nikiwa nafungasha, nikalifikiria tena. Nyinyi mmezima, lakini kila nyumba ina mtu anayejua kuwasha, na joto likizidi ataona feni yake ni muhimu kuliko hadithi ya dada wa fundi. Mtoto wetu alikuwa wa pili kwenye foleni. Hilo hatutalimaliza wenyewe kwa wenyewe.

Usidhani nimetulia. Nimemkasirikia shemeji aliyekaza bila kuangalia chini. Nimekukasirikia wewe uliyetoa bahasha chini ya kitanda cha mama na kuniandikia "ipo". Nimekasirikia idara ya maji iliyobadilisha mabomba ya mtaa mzima na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kumwambia fundi umeme yeyote. Na Mzee Barafu nimemkasirikia kiasi kwamba nikilala namkasirikia ndotoni.

Ingawa huko kuna jambo limetokea. Mkaguzi alipoondoka, Mzee Barafu alimzungusha Kisirani mara ya tatu usiku ule ule, na asubuhi wale wanawake walifika kiwandani wakasimama nje. Mama Mizani alikuwa mbele na mkono wake umefungwa kitambaa. Wakasema hawaingii majini mpaka kile kipande cha waya kitoke. Mzee Barafu akawaambia fundi hayupo tena, nani atakitoa? Wakamwambia, wewe uliyekiweka. Samaki walikaa juani mpaka harufu ikafika kwangu. Mwisho akakitoa mwenyewe, kwanza akazima swichi kuu na kuvaa viatu vya mpira, ndipo nikajua hatari alikuwa anaijua tangu mwanzo. Sasa kila asubuhi Mama Mizani anambonyeza Kisirani kile kitufe cha kumjaribu, kuona kama bado ana hasira, na akikata tu wanapiga vigelegele. Mume wake amenisaidia kubeba sanduku.

Naja na Honi. Mwambie shemeji achimbe mpaka kiunoni, na kwenye mwamba asiupige, ahame apate udongo hata kama ni katikati ya maua ya muuguzi. Fimbo za shaba ninazo, nimezifunga kwenye gunia. Atakayepima na kuandika jina mlangoni ni mkaguzi wa kwenu, wamenithibitishia atakuja. Mimi nitakuwa wa kushika sururu, shemeji atakuwa wa kuzoa udongo, na asijaribu kunieleza Mzee Plaisi alisema nini.

Wewe utatuletea maji, mengi, ya kumwagia mashimo ili udongo ushike. Yachote kisimani. Na unitandikie pa kulala mbali na kizingiti cha shemeji, kwa sababu hii hasira nakuja nayo, na siku za kwanza haitakuwa na adabu.

Mdogo wako